Marahaba ya Redioni

Wadogo zangu mliobaki shambani, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Sijasahau. Ningependa kusahau kidogo, lakini nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili, na kitu ukishakihesabu mara mbili hakitoki kichwani kirahisi. Vyeo na mishahara siandiki. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua, ni hiyo hiyo mnayoilalamikia. Nitaandika habari ya redio, kwa sababu nasikia mnaletewa kompyuta za kuunganisha ofisi zote, na aliyepewa kazi ya kuwashawishi mzitumie ni kijana mwenye maneno matamu. Mimi nilikuwa kijana huyo.

Nilianzia Mikumi, barabarani, miaka ile ya ruksa bidhaa ziliporudi madukani na kila mtu akawa na kitu cha kuuza. Niliuza betri, sabuni na vitunguu kwa madereva wa malori ya Iringa. Shamba letu la mkonge la kule Kilosa lilikuwa na ghala pale Mikumi. Marobota ya singa, zile nyuzi za mkonge, yalishushwa hapo kusubiri malori makubwa ya Dar. Siku moja karani wa ghala aliugua, dereva akashusha mzigo, akataka mtu amsainie.

"Themanini na sita," akasema dereva.

"Themanini na nne," nikasema.

"Wewe muuza vitunguu, umehesabu saa ngapi?"

"Mara ya kwanza ulipokuwa unakunywa chai. Mara ya pili ulipokuwa unanitukana."

Marobota mawili yakaonekana nyuma ya kiti, yamefunikwa turubai. Wiki iliyofuata niliitwa kazini. Huo ndio ulikuwa usaili wangu, na sijawahi kufanya mwingine.

Mtu aliyenifundisha kazi yenyewe alikuwa Fundi Idrisa, fundi mkuu wa korona. Kwa ambao mko ghalani tu na hamjafika kiwandani, korona ni ile mashine inayoponda majani ya mkonge, maji yatoke, singa zibaki. Ndani ina madrumu mawili yenye mabapa ya chuma, na yakizunguka unayasikia hadi stesheni. Nilipohamishiwa Kilosa kuwa karani wa stoo, Idrisa alinichukua siku ya kwanza akanisimamisha mbele ya mashine.

"Mikumi," akaniita, na jina hilo likabaki kwangu moja kwa moja, "unasikia nini?"

"Kelele."

"Rudi kesho."

Nilirudi siku tisa. Siku ya kumi nilimwambia nasikia kama kitu kinakwaruza upande wa kushoto, kinakuja na kupotea. Akazima mashine, akafungua, akatoa beringi iliyokwisha. Akanipa. "Hii ndiyo cheti chako," akasema. Baada ya hapo kila kipuri nilichompa kutoka stoo alikipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Kisha shamba likauzwa. Lilikuwa la serikali, likawa la mwekezaji, na meneja mpya akaja na orodha mbili. Orodha ya kwanza ilikuwa ya watu wa kupunguzwa. Ya pili ilikuwa ya vifaa vipya, na kifaa cha kwanza kilikuwa redio koli: kumi na mbili za mkononi, moja kubwa ya ofisini, na mlingoti juu ya kilima. Kabla ya hapo, korona ikitaka kujua kama troli za majani zimetoka shamba namba saba, iliandikwa karatasi, karatasi ikapanda baiskeli, na majibu yakarudi ilimradi mnyororo wa baiskeli haujakatika.

Meneja aliniita. "Naambiwa uliwahi kuwauzia madereva betri zilizokufa."

"Hazikuwa zimekufa, mheshimiwa. Zilikuwa zimechoka."

"Basi wauzie hawa redio. Miezi mitatu. Kila mtu aitumie."

Mmeona kosa hapo? Watu walikuwa wamesoma orodha ya kwanza kabla hawajaiona ya pili. Kila aliyepewa redio aliamini kuwa ni sikio la meneja amevishwa shingoni. Mwezi wa kwanza nilizunguka kuhesabu: redio saba zilikuwa zimefungiwa kabatini, tatu zimezimwa, moja ilikuwa imewekwa juu ya makaratasi yasipeperuke. Iliyokuwa inafanya kazi ilikuwa moja, yangu, na sikuwa na mtu wa kuzungumza naye isipokuwa Bi Tabu, mwendeshaji wa ile kubwa ya ofisini.

"Kaka Saidi, hujambo?" anauliza.

"Sijambo, Bi Tabu. Kuna mwingine hewani?"

"Hakuna. Ni mimi na wewe, kama wachumba."

Alikuja mwalimu kutoka Dar akafundisha siku mbili. Aliwafundisha watu wazima kusema "roja" na "ova". Wakacheka mpaka wakatokwa machozi, na alipoondoka hakuna aliyesema lolote kati ya hayo mawili. Lakini kizuizi chenyewe sikukijua mpaka siku karani wa mizani alipomwita Mzee Matola.

Mzee Matola alikuwa nyapara wa korona, mtu wa milima ya Vidunda, na ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuwasha mashine. Karani alibonyeza redio kama alivyofundishwa: "Matola, Matola, mizani hapa." Kimya. Akarudia. Kimya. Nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mzee ameketi, redio inaongea mapajani mwake.

"Shikamoo mzee. Unaitwa."

"Marahaba. Nimesikia. Mtoto niliyemzidi miaka thelathini ananiita mara mbili jina tupu kama anafukuza kuku. Aje na adabu zake, nitamjibu."

Nikaenda kwa karani. Yeye naye alikuwa ameisukuma redio mbali naye. "Kaka, mwalimu alisema tusisalimiane, tunaziba njia. Nitamwitaje Mzee Matola bila shikamoo? Nikikutana naye msikitini nitatazama wapi?"

Basi hapo ndipo palipokwama. Vijana hawakuwa na uso wa kuwaita wazee bila salamu, wazee hawakuitika wito usio na salamu, na salamu ikiruhusiwa, redio kumi na mbili zikisalimiana asubuhi hadi saa nne hakuna troli iliyotoka. Mwalimu wa Dar hakuliona kwa sababu alikaa siku mbili. Mimi niliona, nikafurahi, maana sasa kulikuwa na kitu cha kupatana bei.

Nikaitisha kikao cha wenye redio, pale chini ya paa la korona, saa ya chai. Nikatoa hoja: Bi Tabu atasalimu mara moja asubuhi kwa niaba ya vijana wote. Baada ya hapo hakuna shikamoo hewani mpaka kesho.

"Na sisi tutapata nini?" akauliza Mzee Matola.

"Wazee mtaitwa mzee. Mzee Matola, Mzee Fulani. Hakuna jina tupu."

"Hiyo haki yetu, si bei."

Nikafikiri. Tulikuwa bado hatuna neno la kuonyesha mtu amesikia na amekubali. Roja ilikuwa imeshazikwa. Nikasema: "Kila agizo likipokelewa, jibu liwe marahaba. Maana yake nimesikia, nimekubali. Kwa hiyo kutwa nzima mtakuwa mnaitikia kama wazee, hata kama hamjasalimiwa."

Wakatazamana. Mzee mmoja akacheka. Fundi Idrisa akasema, "Mikumi, wewe ungeweza kumuuzia samaki maji." Mzee Matola akakubali kwa kichwa. Nikaona nimeshinda.

Lakini Mzee Matola alikuwa na jambo lingine, na hili nataka mlisome polepole. Chumba cha swichi kilikuwa upande mmoja wa jengo, korona upande mwingine, ukuta katikati. Kabla ya kuwasha, mzee alikuwa na utaratibu wake: anazunguka jengo, anainama kuchungulia ndani ya mashine kwa macho yake, anagonga kipande cha reli kilichoning'inizwa pale, anasubiri, kisha anarudi kuwasha. Hatua mia mbili na arobaini kwenda na kurudi. Nilizihesabu mara mbili. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na mashine ilisimama mara nane, mara tisa kwa siku.

"Mzee," nikamwambia, "hii redio ni magoti mapya. Idrisa yuko upande ule na redio yake. Uliza tu, ndani pako wazi? Akijibu marahaba, washa."

Akaitazama redio. "Na macho yangu?"

"Macho ya Idrisa ni madogo kuliko yako?"

Ndivyo nilivyoiuza. Nikaandika karatasi kwa mkono wangu, herufi kubwa: USITEMBEE, ULIZA. JIBU LA KUKUBALI NI MARAHABA. Nikatia sahihi, nikaipigilia misumari minne ukutani chumba cha swichi. Mwezi wa tatu redio zote kumi na mbili zilikuwa zinafanya kazi, na meneja alinionyesha kwa wageni kama anavyoonyesha mtu ng'ombe wake wa maziwa. Kijiti cha kugongea reli kikapotea, hakuna aliyekitafuta.

Bi Tabu peke yake ndiye aliyesita. Aliandika kila mazungumzo katika daftari. Jioni moja alinigeuzia ukurasa. "Kaka, tazama. Marahaba, marahaba, marahaba. Wapo bado wanaosalimiana kwa siri. Nikisikia marahaba sijui mtu amesalimiwa au amekubali."

"Dada, wewe andika tu."

Akaandika tu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kazi kama nyingine, saa tisa mchana. Singa zilikuwa zimejisokota kwenye drumu, Mzee Matola akazima mashine, Idrisa akaingia ndani na kisu kuzikata. Redio ilikuwa shingoni mwake. Wakati huo huo Rehema, karani wa troli, alikuwa amerudi kazini siku hiyo hiyo baada ya likizo ya uzazi. Hakuwepo kwenye kikao. Redio alikabidhiwa asubuhi, utaratibu hakuelezwa, na mtu wa kumweleza nilikuwa mimi. Akaleta troli zake mpaka mlango wa korona, akaona vyema amsalimu fundi aliyemtafutia kazi ile.

Redio zile zilikuwa hivi: wawili wakibonyeza kwa wakati mmoja, hawasikilizani wao kwa wao, na anayesikiliza humsikia aliye karibu naye tu. Mwingine anamezwa.

Rehema akabonyeza: "Shikamoo fundi."

Mzee Matola, nyuma ya ukuta, akabonyeza wakati huo huo: "Fundi Idrisa, ndani pako wazi?"

Idrisa akamsikia Rehema. Akajibu kama alivyolelewa kujibu. "Marahaba."

Mzee Matola akawasha.

Nilikuwa stoo. Siku tisa nilizosimama mbele ya ile mashine zilinifundisha kila sauti yake, na ile sikuwa nimefundishwa. Nilijua kabla sijafika mlangoni. Sitaandika niliyoyaona. Nitaandika kwamba Rehema alikuwa amesimama na redio mkononi, kidole kimebonyeza tena bila mwenyewe kujua, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kuzungumza na mwingine shamba zima.

Tulimzika kesho yake, Kilosa mjini. Siku ya tatu akaja mkaguzi. Na sasa naandika lile ambalo hamjapata kulisikia, ingawa mmesikia mengi. Asubuhi ile, kabla gari la mkaguzi halijaingia getini, nilikwenda chumba cha swichi na koleo. Nikang'oa misumari minne. Karatasi nikaikunja nikaiweka kwenye soksi.

Tukaketi ofisini: mkaguzi, meneja, Mzee Matola, Bi Tabu na mimi. Rehema, aliyekuwa ametueleza Mzee Matola, Bi Tabu na mimi habari ya salamu yake, hakuitwa. Mkaguzi alimwuliza Bi Tabu alisikia nini.

"Nilisikia mkwaruzo kama watu wawili wamebonyeza. Halafu nikasikia marahaba ya fundi."

"Marahaba? Aliulizwa kama pako wazi, akajibu marahaba?"

"Ndiyo."

Mkaguzi akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa redio. "Marahaba hapo ina maana gani? Nani aliwaelekeza kujibu hivyo?"

Nimepatana bei maisha yangu yote. Najua mtu anapokuuliza kitu mara moja tu na hana kingine cha kuulizia. Karatasi ilikuwa inaniwasha kwenye kifundo cha mguu.

"Ni mazoea yao tu," nikasema.

Bi Tabu akanitazama. Mzee Matola hakunitazama; aliangalia mikono yake. Mkaguzi akaandika. Meneja akashusha pumzi, maana mazoea ya watu hayana mwenyewe. Nilisubiri mmoja wao aseme, na kila mmoja nadhani alisubiri mimi niseme, kisha mkaguzi akafunga jalada.

Taarifa ilipotoka ilisema hivi: nyapara aliwasha mashine bila kwenda kuangalia, huo ni uzembe, na marehemu mwenyewe alithibitisha kwamba pako wazi ilhali yumo ndani. Mzee Matola alifukuzwa kazi, akapanda kwao Vidunda. Rehema hakurudi, hata redio aliirudisha kwa mkono wa shemeji yake. Bi Tabu aliendelea kufanya kazi na mimi mpaka alipostaafu, na hakuniita tena kaka. Aliniita karani. Redio zilibaki. Tukabadilisha neno, likawa "nimeelewa", na kipande cha reli kikarudishiwa kijiti chake. Mimi ndiye niliyeandika utaratibu mpya. Uliandikwa vizuri sana.

Nimestaafu juzi tu, kama mjuavyo. Wiki ya pili, baada ya kumaliza kuhesabu kila kilichomo nyumbani, nikaichukua ile karatasi nikapanda Vidunda. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Mzee Matola nilimkuta nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mikumi. Vuta kigoda, ukae."

Nikampa karatasi. Akaitazama kidogo tu, akanirudishia.

"Naijua. Siku ya mkaguzi nilipita chumba cha swichi. Nikaona matundu manne ukutani."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Ningesema nini? Karatasi ilinipa ruhusa ya kukaa. Nikakaa. Macho nilikuwa nayo." Akaendelea kupukuchua. "Wewe umekuja huku ili nikwambie yamekwisha. Sina neno hilo. Na karatasi hiyo si yangu. Mimi najua kilichotokea, wewe unajua. Mke wa Idrisa hajui. Yule aliambiwa mumewe alisema pako wazi."

"Nitamwambiaje?"

"Si ulikuwa na maneno."

Nikashuka. Kilosa nilifika kesho yake mchana. Mama Asha, mjane wa Idrisa, alikuwa barazani anashona ukili wa mkeka. Tumekuwa tukipishana sokoni miaka yote hii, tunaulizana hali. Nikakaa kwenye ngazi, nikamweleza kuanzia kikao mpaka soksi, bila kupunguza. Sikuomba msamaha kabla ya kumaliza, kwa sababu najua msamaha ukiutanguliza unakuwa bei ya kuanzia.

Alisikiliza bila kusimamisha sindano. Nilipofika kwa Rehema akaisimamisha.

"Rudia hapo."

"Rehema alimsalimu. Yeye akaitikia. Swali la Mzee Matola halikumfikia."

"Kwa hiyo hakusema pako wazi."

"Hakusema, mama. Hakuulizwa."

Akaichukua karatasi. Hakuisoma, aliilaza juu ya ukili, akaipitishia kiganja kuinyoosha mikunjo.

"Unajua mimi nikienda makaburini nafanya nini?" akasema. "Namgombeza. Nikifika tu, kabla ya dua. Namwambia, wewe Idrisa, mtu mzima, fundi, watu wanakuja kukuuliza wewe habari za mashine, unasemaje pako wazi na wewe umo ndani? Ulikuwa na haraka ya nini? Uliwaza nini kutuhusu? Kila Ijumaa. Watoto wangu wamekua wakinisikia namgombeza baba yao."

Akasimama, akaiingiza karatasi kifuani, akachukua mtandio wake kwenye kamba.

"Mama, leo si Ijumaa," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

"Najua ni siku gani," akasema. Akavaa viatu. "Nawe usinifuate."

Akatoka, akaelekea njia ya makaburini.